Pikipiki ya umeme kwa kwenda kazini hapa Mbeya: inafaa au tunajidanganya?

Karani wa Uyole
Habari za jioni ndugu zangu. Naomba tulijadili hili kwa utulivu maana nataka kutoa hela. Naishi Uyole, kazi yangu iko mjini, jirani na Mafiati. Asubuhi kupata daladala ni kugombania mlango, jioni ndiyo zaidi, na tangu waanze ujenzi wa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, foleni na vumbi havituachi. Pikipiki ya mafuta nimewahi kuwa nayo, naijua. Bei ya lita ya petroli haitulii, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi tunakaa tunasubiri EWURA, wadhibiti wa nishati, watangaze bei, na sisi wa huku siku zote bei yetu iko juu ya Dar kwa sababu mafuta yanasafirishwa mpaka hapa. Ndiyo maana nawaza ya umeme. Kinachonitia wasiwasi ni milima, baridi ya Juni na Julai, na kwamba nakaa chumba cha kupanga. Sibebi abiria wala sitaki kufanya boda. Nauliza kwa mtu wa kawaida anayekwenda kazini na kurudi. Kuna anayeitumia huku Nyanda za Juu Kusini?

Boda Kabwe
Kaka usitupe hela. Umeme ukikatika usiku unaamka chaji haijafika popote, kazini unakwenda na nini? Mimi na Boxer yangu, mafuta ya chupa nayapata hata vichochoroni Igawilo. Hizo za umeme nimeziona hapa mjini. Ni pikipiki za kina mama za kwendea saluni. Mwanaume wa Mbeya, mwenye mizigo na milima hii, hapandi kitu kama kile.

Nesi wa Iyunga
Boda Kabwe, mimi ni mwanamke, ninayo, na siendi nayo saluni. Naenda nayo zamu ya usiku wodini. Saa ambazo nyie mnatuambia "dada mafuta yamepanda, ongeza elfu" mimi nawasha yangu naondoka bila kubembeleza mtu. Unajua ni wanawake wangapi wa mji huu wanaotoka kazini saa tatu usiku wakategemea huruma ya kijiwe? Na hao wa saluni unaowadharau ndio abiria wako wa kila siku.

Karani, nikujibu wewe uliyeuliza. Natoka Iyunga mpaka mjini, narudi, napita sokoni Mwanjelwa, na betri inabaki na akiba. Baridi ya Julai inapunguza umbali kidogo, hilo ni kweli, asubuhi naliona kwenye kipimo. Haijawahi kunilaza njiani.

Boda Kabwe
Dada yangu sijamtukana mtu, nimesema nilichokiona. Wewe mwembamba, mkoba mmoja, barabara ya lami, lazima ikufikishe. Weka mama wa kilo tisini na gunia la viazi kutoka Uyole uone. Halafu hilo la "ongeza elfu": mafuta yakipanda mimi nimlipe nani? Tajiri mwenye pikipiki anataka hesabu yake jioni, hajali EWURA imesema nini. Msituone wezi.

Nesi wa Iyunga
Hakuna aliyekuita mwizi. Umesema ni pikipiki za kina mama kama vile kina mama ni kasoro. Hilo ndilo nimelijibu na nitalijibu tena.

Mama Sae
Amelijibu vizuri. Wanaume wa mji huu wakiona kitu kimya na kisafi wanasema cha wanawake. Hata jiko la gesi lilipoanza walisema hivyohivyo.

Boda Kabwe
Mama na wewe, jiko la gesi limeingiaje hapa?

Fundi Ilomba
Mnagombana na swali la mtu limelala pale juu. Mimi ni fundi, za mafuta natengeneza kila siku na za umeme zimeanza kuniletea riziki, kwa hiyo sina upande.

Kuhusu milima, watu wanaogopa kisichostahili. Pikipiki, dereva na abiria mmoja ukijumlisha ni kama kilo 300. Kuupandisha uzito huo mita 100 kwenda juu kunakula kama sehemu ya kumi ya uniti moja ya umeme, ukihesabu na kinachopotea kwa joto. Betri nyingi za pikipiki za kawaida ni uniti mbili na nusu mpaka tatu. Fanyeni hesabu wenyewe. Mlima haumalizi betri. Mlima unachemsha mota.

Na hapo ndipo pa kuangalia unaponunua. Kuna zile ambazo mota imo ndani ya gurudumu la nyuma, na kuna zile ambazo mota inakaa katikati na kuvuta kwa cheni au mkanda. Ya kwenye gurudumu kwa mji tambarare ni nzuri, haina makelele, haina cheni ya kukaza. Ipeleke kwenye mpando mrefu ukiwa na mzigo, unakwenda taratibu, mota inavuta umeme mwingi huku haipati upepo, joto linapanda, kontrola, kile kifaa kinachogawa umeme kwenda kwenye mota, inapunguza nguvu ili isiungue. Unabaki unasukuma. Ya katikati ina mzunguko mkubwa na meno ya kupunguza mwendo, inapanda bila kuchoka. Kwa mtu wa huku ningesema chukua ya katikati hata kama bei ni kubwa.

Jambo lingine ambalo hakuna anayelitaja. Injini ya petroli inapoteza nguvu kama asilimia moja kwa kila mita 100 unazopanda juu ya usawa wa bahari, kwa sababu hewa ni nyepesi. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700. Maana yake Boxer iliyopimwa pwani inafika hapa imeshapungukiwa karibu asilimia kumi na saba. Ndiyo maana mnaniletea kabureta nizichezee kila wiki. Mota ya umeme haivuti hewa. Nguvu yake ya Dar ndiyo nguvu yake ya Mbeya.

Kijana wa Ipogolo
Kamwene. Nyie wa Mbeya mnazungumza kana kwamba milima mmeiumba nyie. Njooni Iringa mtoke Ipogolo mpande mjini kila asubuhi ndipo mjue mpando ni nini. Kitonga sijaitaja.

Boda Kabwe
Kitonga anapanda nani kwenda kazini? Hiyo ni ya malori. Sisi tuna barabara ya Chunya hapa, ukivuka Kawetere na ukungu wake ndipo urudi kuzungumza.

Kijana wa Ipogolo
Na Kawetere nako anapanda nani kwenda kazini?

Mzee wa Tukuyu
Vijana, acheni mashindano ya milima. Fundi amesema ya kupanda, mimi nataka ya kushuka, maana watu hufia mteremkoni. Nimeendesha pikipiki tangu siku za pikipiki za shirika la kanisa. Ukishuka na ya petroli unaweka gia ya pili, injini yenyewe inakushika. Hizi za umeme nasikia hazina gia. Ukishuka Iwambi na malori ya Tunduma yako nyuma yako, unashikwa na nini?

Fundi Ilomba
Shikamoo mzee. Hapo umegusa penyewe. Nyingine zina breki ya mota, ukiachia mkono wa mafuta (samahani, tumezoea kuuita hivyo) mota inageuka kuwa kama dainamo, inakupunguza mwendo na kurudisha umeme kidogo kwenye betri. Kidogo kweli, mtu asikudanganye kwamba utashuka mlima ufike chini umejaza. Na betri ikiwa imejaa kabisa haipokei, kwa hiyo ukitoka nyumbani juu kabisa na chaji asilimia mia, hiyo breki inaweza isifanye kazi mwanzoni. Zile za bei rahisi hazina kabisa, unabaki na breki za kawaida. Kwa mteremko wetu nisingechukua yenye breki za ngoma mbele na nyuma. Diski mbele, lazima.

Mzee wa Tukuyu
Ndaga, nimekuelewa. Na mvua? Rungwe inanyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Hatuna kiangazi cha kuaminika.

Nesi wa Iyunga
Mzee shikamoo. Mvua nimepigwa nayo sana. Haikuzima. Sehemu ya chaji naifunika na sijawahi kuichaji ikiwa imelowa.

Fundi Ilomba
Maji ya mvua si tatizo, tatizo ni viungio vya waya kushika kutu taratibu, halafu siku moja inakataa kuwaka bila sababu. Na kuziosha kwa mashine ya presha, kama vijana wa pale mtoni wanavyofanya. Hapo unazitafutia kifo.

Dereva wa Tunduma
Mimi naendesha lori. Naombeni mnisikilize. Pikipiki ya mafuta ikinijia ubavuni naisikia kabla sijaiona. Hizi kimya sizisikii. Asubuhi ya ukungu, Inyala mpaka Uyole, taa yenyewe hafifu. Kabla hamjahesabu uniti hesabuni hilo.

Nesi wa Iyunga
Kaka, na wewe ukiwa ndani ya lori injini inanguruma, vioo umefunga, redio iko juu, unasikia pikipiki gani? Angalieni vioo vya pembeni. Taa yangu nawasha mchana na usiku.

Dereva wa Tunduma
Naangalia vioo dada. Nimesema ukungu. Na sina redio.

Mhasibu Forest
Nimekaa kimya nasoma. Naomba nilete hesabu, kwa sababu hapa kila mtu anasema "rahisi" na "ghali" bila namba.

Karani anatoka Uyole kwenda mjini na kurudi, ukiweka na mizunguko midogo, tuseme kilomita 30 kwa siku. Pikipiki ya petroli iliyo katika hali nzuri inakwenda kilomita 40 hivi kwa lita. Hiyo ni robo tatu ya lita. Tuseme lita ni elfu tatu, ni kama 2,250 kwa siku. Siku 22 za kazi ni kama 49,500 kwa mwezi. Oili, plagi, cheni na sproketi sijaweka.

Ya umeme inakula uniti moja na kitu kwa kilomita 30, ukijumlisha kinachopotea kwenye chaja tuseme moja na nusu. Kwa mwezi ni uniti 33. Kwa wale walio kwenye shilingi 356 kwa uniti, yaani 292 pamoja na VAT na tozo za REA (wakala wa umeme vijijini) na EWURA, hiyo ni kama 11,750. Kwa wale walio kwenye 122, yaani kundi la D1, ni kama 4,000. Lakini hapo kuna mtego. D1 ni ya mtu anayetumia mpaka uniti 75 kwa mwezi. Ukizidisha, kila uniti ya juu inahesabiwa kwa 350 kabla ya kodi, na ukiendelea kuzidisha unahamishwa. Kwa hiyo mtu anayeishi kwa uniti 60 na pasi yake, akiongeza pikipiki, anaweza kujikuta amepandisha bei ya umeme wa nyumba nzima. Hesabu bado inaipendelea ya umeme kwa mbali, ila msiseme ni bure.

Mama Sae
Sasa hapo kwenye nyumba nzima ndipo na mimi naingia. Nina nyumba ya wapangaji, vyumba sita, LUKU moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla. Kila mwisho wa mwezi ni kesi. Huyu ana friji, yule anasema taa tu, mwingine ana hita ya maji anaificha chini ya kitanda. Kodi ya jengo inakatwa humohumo kwenye LUKU, wapangaji wananiuliza mimi kwa nini uniti zimepungua. Mtu akiniletea pikipiki ya kuchaji nitamwambia kwa upole atafute nyumba nyingine. Na nasikia betri zinalipuka.

Kijana wa Ipogolo
Wenye nyumba ndio mnaorudisha nyuma nchi hii. Kodi ya miezi sita mnataka kwa mkupuo, mpangaji akitaka soketi moja mnamfukuza.

Mama Sae
Mwanangu, umewahi kujenga? Umewahi kwenda benki na hati ya kiwanja? Mume wangu alifariki akaniacha na nyumba ambayo haijapauliwa, nimeimalizia kwa vitumbua. Usiniambie nimerudisha nyuma nchi. Ulipie umeme wako mwenyewe kwanza ndipo unifundishe.

Kijana wa Ipogolo
Pole mama kwa msiba. Lakini hoja yangu ni kwamba mpangaji analipa umeme, hapewi bure.

Boda Kabwe
Mama Sae yuko sahihi kabisa. Mimi mwenyewe nimepanga, jirani yangu ana sabufa inakesha, bili tunagawana sawa. Leta na pikipiki hapo, tutauana.

Mwanachuo Iyunga
Kuna wenye nyumba wanazima umeme saa nne usiku, nyie mnazungumzia kuchaji pikipiki. Hata simu tunachaji kwa zamu.

Mama Sae
Wengine wanazima kwa sababu wapangaji wanapika kwa jiko la umeme chumbani usiku. Nyumba ya jirani yangu ilishika moto hivyo.

Mhasibu Forest
Mama, ruhusu nikupe mfano mmoja, ukatae ukitaka. Hita ya kuchemshia maji ya kuoga kwenye ndoo. Ndoo ya lita 20, maji yetu ya asubuhi ni ya baridi, ukiyapandisha nyuzi joto 30 unakula kama robo tatu ya uniti. Ndoo mbili ni uniti moja na nusu. Hiyo ndiyo pikipiki ya Karani ya siku nzima. Mpangaji mwenye mke, watoto wawili na hita chini ya kitanda anakugharimu zaidi ya mwenye pikipiki, na huyo humwoni.

Mama Sae
Kumbe ndiyo maana. Nitaitafuta hiyo hita kesho.

Mwanachuo Iyunga
Mhasibu umetuponza wengi.

Fundi Ilomba
Kuhusu kulipuka. Betri nyingi za pikipiki siku hizi ni za lithiamu na fosfeti ya chuma, hizo ni ngumu kushika moto kuliko za aina nyingine za lithiamu. Ngumu, sijasema haiwezekani. Usiichaji chumba unacholala, usiiweke kwenye mlango wa kutokea, usitumie chaja ya pikipiki nyingine, na usitumie kebo ya kuunga soketi juu ya soketi. Chaja inavuta wati 500 mpaka 800, pasi inavuta zaidi ya 1,000, lakini pasi ni ya nusu saa na chaja ni ya saa tano. Waya mwembamba wa nyumba za zamani unapata moto polepole usione. Ndiyo hatari yenyewe.

Kijana wa Ipogolo
Wakati tunabishana, Rwanda wameshapiga marufuku pikipiki za mafuta. Sisi bado tunauliza kama zinapanda mlima. Kigali si vilima vitupu?

Mhasibu Forest
Si marufuku ya nchi nzima. Ni Kigali, kuanzia Januari 2025, na ni kwamba pikipiki mpya za kubeba abiria wanazosajili ziwe za umeme tu. Zilizokuwepo za mafuta ziliendelea. Kwenye vilima uko sahihi, na zinafanya kazi. Ila kule dereva hachaji nyumbani kwake, anabadilisha betri kituoni kwa dakika chache anaondoka.

Boda Kabwe
Asante! Sasa nionyesheni kituo cha kubadilishia betri kati ya Mwanjelwa na Mbalizi. Mimi kwa siku natembea kilomita mia na zaidi. Betri moja hainifikishi jioni. Nikikaa saa tano kuchaji, nani analeta unga?

Halafu niwaambie kitu ambacho nyie wenye mishahara hamkijui. Rafiki yangu wa kijiweni alichukua ya umeme kwa mkataba, kampuni siitaji. Anarejesha kidogokidogo kila siku kwa simu. Mtoto akaumwa, siku mbili hakulipa. Asubuhi ya tatu anawasha, haiwaki. Imezimwa kwa mbali, na aliyeizima hata hajui Mbeya iko wapi. Na Boxer nikikosana na tajiri tunakaa chini, anazo hasira, ananipa wiki nyingine, anajua mama yangu. Mashine ikizimwa na kompyuta, unazungumza na nani? Mnaniambia habari ya uniti na kilomita. Mimi sitaki chombo cha riziki yangu kiwe na swichi mfukoni mwa mtu mwingine.

Nesi wa Iyunga
Hapo nakuelewa mdogo wangu, na nakuunga mkono kwa moyo wote. Huo mkataba ni mbaya. Ila ubaya wake ni wa mkataba. Yangu nilinunua taslimu, haina mtu wa kuizima.

Boda Kabwe
Taslimu. Dada, boda wangapi wana hela taslimu?

Mzee wa Tukuyu
Nimerudi. Mnasahau umeme unatoka wapi. Sisi tuko mwisho wa waya. Umeme wa Mbeya unakuja kutoka Iringa kupitia Mufindi kwa laini ya kilovolti 220, umbali mrefu, miti, radi. Ile ya kilovolti 400 ya kwenda Tunduma na Sumbawanga mpaka Zambia ndiyo tunayoingoja. Mwaka 2023 mwishoni mgao ulikuwa wa nchi nzima, pengo la megawati kama 400. Tarehe 1 Aprili 2024, Jumatatu ya Pasaka, gridi nzima ilianguka. Sasa bwawa la Nyerere limekamilika mwaka 2025, mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Umeme wa kutosha kuzalisha tunao. Kuufikisha Tukuyu bila kukatika ni jambo jingine. Megawati hazisafiri zenyewe.

Kijana wa Ipogolo
Mzee, na petroli je? 2023 hiyohiyo, Julai na Agosti, sheli ngapi ziliandika hakuna mafuta? Dola hazikuwepo, meli hazishushi, chupa ya lita ikauzwa kwa bei ya kutisha. Umeme ukikatika, baada ya saa chache unarudi. Mafuta yakikosekana unakaa wiki.

Boda Kabwe
Tulikaa lakini tulipata. Ya magendo, ya kupimiwa, tulipata.

Dereva wa Tunduma
Mlipata yaliyochanganywa na mafuta ya taa, mkaenda kwa Fundi Ilomba.

Fundi Ilomba
Nilizipokea nyingi sana miezi ile.

Karani wa Uyole
Jamani nimesoma yote. Nimejifunza habari ya Kigali, ya hita, ya bwawa na ya mkataba wa rafiki yake Boda Kabwe, ambao kwa kweli umeniumiza. Lakini mimi si boda na sitembei kilomita mia. Nilichouliza ni kwenda kazini na kurudi. Na katika yote naona kinachonikwamisha si mlima wala baridi. Ni soketi. Mwenye nyumba wangu ni kama Mama Sae.

Mama, nikuulize wewe kwa heshima, kwa sababu wangu sijathubutu kumuuliza. Mpangaji akija na mita yake ndogo, fundi mwenye leseni aifunge kwenye waya wa chumba chake, mkaisoma wote wawili kila mwisho wa mwezi, ungekataa?

Mama Sae
Umeuliza vizuri. Mita ndogo kama anainunua yeye na fundi analipa yeye, nitakubali. Pikipiki ilale barazani, si chumbani. Achaji mchana wa Jumapili na usiku mpaka saa nne, si kukesha. Na LUKU ikivuka zile 75 tukapandishwa, tofauti ailipe yeye, si wapangaji wenzake. Aandike na asaini. Mwambie mwenye nyumba wako hivyo, asipokubali uje Sae, nina chumba kinaachwa wazi mwezi ujao.

Kijana wa Ipogolo
Kodi ya miezi mingapi mama?

Mama Sae
Kwako wewe, kumi na miwili.

Boda Kabwe
Mimi bado sijaridhika na kuna swali nyote mnalikwepa. Betri ikifa. Si ikiisha chaji, ikifa. Boxer ikifa pistoni naingia dukani Mwanjelwa natoka nayo, jioni niko barabarani. Nesi, yako ikifa leo, betri unanunua wapi Mbeya? Nitajie duka.

Nesi wa Iyunga
Naagiza Dar, inakuja kwa basi. Duka la hapa lenye betri ya aina yangu sijalipata. Sitakudanganya.

Boda Kabwe
Haya.

Fundi Ilomba
Ni swali la haki. Karani, sikiliza. Betri ndiyo sehemu kubwa ya bei ya hiyo pikipiki. Ya lithiamu na fosfeti ya chuma inavumilia kuchajiwa kikamilifu mara 1,500 mpaka 2,000 kabla haijachoka, na wewe kwa siku utatumia nusu yake tu, kwa hiyo miaka unayo. Zile za asidi za bei rahisi zinachoka mara 300 mpaka 500, na zikianza kuchoka mpando wa kwanza unakuambia. Muuzaji asikuambie tu "ni betri nzuri". Mwambie aandike aina yake kwenye risiti, aandike dhamana ni ya miezi mingapi na inafunika nini, na akutajie betri hiyo peke yake anaiuza shilingi ngapi leo. Akishindwa kutaja bei ya betri, ina maana hana, na hatakuwa nayo siku unayoihitaji. Ondoka. Akitaja, mwambie akupe uijaribu ikiwa imejaa. Mpakie mtu mzito nyuma, toka mjini panda mpaka Isanga juu kabisa bila kusimama, uone kama inapunguza nguvu njiani. Kama inapunguza, usinunue.

Karani wa Uyole
Mtu mzito nimtoe wapi?

Boda Kabwe
Mimi nina kilo tisini na mbili. Jumamosi mchana niko kijiweni Kabwe, nitakupandia bure. Nataka niione kwa macho yangu ikishindwa.

Nesi wa Iyunga
Jumamosi natoka zamu asubuhi. Nakuja na yangu.